Betri Niliyoianika Batini

Tandika, jioni

Zuhura mwanangu,

Salamu za sijambo na hujambo tuziruke, maana asubuhi tumekunywa chai mkeka mmoja na vitumbua ukavimaliza wewe. Sasa uko Gongo la Mboto kwa shangazi yako unaaga, na ninavyomjua hakuachii mpaka ule wali mara mbili. Kwa hiyo nimepata nafasi. Habari za blanketi la Mbeya, mafuta ya nazi, na usimwachie mtu begi lako stendi, hizo sizirudii. Nimezisema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, sasa unaniimbia." Haya, leo siimbi.

Nimekaa hapa chumba cha mbele, penye meza yetu ya kazi. Umeme umekatika tangu alasiri, zamu ya mtaa wetu. Nimewasha kibatari, na pembeni yake nimeiwasha ile kompyuta yako ya kukunja. Haijachomekwa popote. Inakula betri, na nimeiacha iwake makusudi nione itafika wapi. Barua naandika kwa mkono kwa sababu barua ya mtoto huwa siichapi, hata kama kuchapa ndiyo kazi iliyokulisha.

Sasa sikiliza. Shangazi yako kaniambia. Usimkasirikie, unamjua. Ulimwapisha, na mie sijatua hata mkoba akaanza: "Wifi, nimeapa kwamba sisemi, lakini mtoto kasema anakwenda muhula mmoja tu. Anataka kuona utaendeleaje. Akisikia umeelemewa anarudi kukushika mkono." Nikamwambia asante. Nilipofika nyumbani nikafungua begi lako, naam, nimelifungua, na nusu ya nguo zako nikazikuta bado kabatini. Hata lile sweta. Mtu anakwenda Mbeya sweta analiacha Tandika! Nafasi ya chuo umeipata kwa jasho lako, watoto wa watu wanailia, halafu wewe unakwenda mguu ndani mguu nje kwa sababu yangu. Hilo linaniuma, mwanangu, na hilo ndilo lililonikalisha hapa.

Nataka nikusimulie habari ya betri. Najua utasema unaijua. Unaijua nusu, nusu nyingine hukuwepo.

Yule mama wa mradi kule Msasani alipohama akakuachia ile kompyuta, sie tulidhani tumetoka. Mtaa mzima hakuna mwenye nayo. Kibao ukakiandika upya: chapa na kompyuta. Kumbe betri yake ilikuwa imechoka siku nyingi, inafanya kazi ikiwa imechomekwa tu. Umeme ukipepesa, giza, na kila ulichoandika kimekwenda. Ile katiba ya kikundi cha akina mama wa Mtoni ilikupotea mara mbili, mara ya pili ukiwa kwenye kifungu cha mwisho. Ukalaza kichwa mezani ukalia. Mie nikasimama mlangoni nakutazama, na mashine yangu ya chapa pale pembeni, ya chuma, haijui umeme wala mgao. Nikasema moyoni, huyu mtoto lazima nimsaidie.

Na nikakusaidia, si unakumbuka!

Zuhura, wewe ulikuwa mdogo sana, lakini marehemu baba yako alikuwaga na ile redio ya ngozi. Siku za mpira, betri zikichoka, haoni shida. Asubuhi anapanda kwenye kiti, anazipanga juu ya bati, zinapata jua la mchana, jioni redio inaongea. Na si yeye peke yake. Ukitembea uchochoro wote huu wa kwetu ungeona mabati yana betri kama samaki wa kuanika. Nyingine anaziuma kwa meno pembeni halafu anazirudisha, na redio inakubali! Baba yako mtu wa maana, alisema jua linairudishia betri nguvu, na mie kwa macho yangu nimeona likiirudishia. Sasa ungenitaka nifikirie nini?

Siku uliyokwenda sokoni nikaitoa betri ya kompyuta, nikapanda kiti, nikaianika batini. Nikaigeuza mara moja kama chapati, upande wa pili nao upate. Wewe unarudi na kikapu unauliza, "Mama, ni nini kile juu ya bati?" Nikakujibu kwa furaha zote, "Betri yako inaota jua, jioni utaniambia." Ulivyoishusha ilikuwa imepinda, imepasuka kwenye mshono, inatoa ute mweupe na harufu ya kuwasha pua. Ukakaa kizingitini ukacheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakawa machozi kweli. Ukasema, "Basi Mama, mie siendi. Siwezi kukuachia kompyuta iliyokufa na mashine ambayo hata utepe wake haupatikani madukani. Nitaomba chuo waniahirishie mpaka mwakani."

Mie nikafurahi.

Nakuandikia kama ilivyokuwa. Mdomoni nilisema, "Usiseme hivyo mwanangu," lakini rohoni nilisema alhamdulillahi, mtoto anabaki. Siku ile nilipika pilau, unakumbuka? Ukaniuliza tunasherehekea nini, nikakwambia mchele unaanza kuingia wadudu. Hapakuwa na mdudu hata mmoja. Nilikuwa nasherehekea kwamba nimekuharibia betri.

Kesho yake nilikuwa nafagia uani, nimetulia kabisa, nikajikuta naimba. Nikajiuliza, Mwanahamisi, unaimba nini? Nikaona aibu mpaka nikaweka ufagio chini. Maana niliijua ile raha. Nilishaionja zamani, na ilinila mwaka mzima.

Sijawahi kukusimulia vizuri habari za kiwanda. Wewe unajua tu kwamba Mama alikuwa katibu muhtasi Chang'ombe na kiwanda kikauzwa. Siku tuliyoambiwa tusimame kazi, bwana mkubwa alisema, "Kaeni mkao wa kuitwa." Basi mie nikakaa. Lakini nyumbani sikukaa! Kila asubuhi navaa gauni la ofisi, kiatu cha mchuchumio, poda kidogo, nakwenda kusimama getini. Mwanzoni tulikuwa wengi, tunapiga soga, tunanunua mihogo. Wakapungua, wakapungua. Rafiki yangu tuliyekuwa chumba kimoja alinunua mashine kuukuu wiki ile ile, akaweka meza karibu na mahakama, akaniita: "Njoo tuchape wote, wateja wapo." Nikamjibu mie siwezi kuchapa barabarani, mie ni mtu wa ofisi, na tena nitaitwa. Wewe wakati huo ulikuwa unakwenda shule na kiatu kilichofunguka mbele.

Siku moja nikakuta mlinzi mgeni. Kijana mstaarabu, akaniamkia, "Shikamoo mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu, mie nafanya kazi hapa. Akanitazama, akatazama ndani, akasema taratibu, "Mama, hapa siku hizi ni ghala la mitumba." Nikachungulia. Kweli. Pale ilipokuwa meza yangu yamerundikwa marobota ya nguo mpaka juu. Nikarudi Tandika kwa miguu, viatu mkononi.

Kwa miaka nimekuwa nikisema nilikuwa mvumilivu. Watu pia walinisifu, mama Zuhura ana subira. Mwanangu, ule haukuwa uvumilivu. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kukaa na meza barabarani watu wanaonijua wanione, niliogopa kuanza, nikaupa woga jina zuri ili niweze kulala nao. Sasa nilipoweka ule ufagio chini nikaona nataka kukufundisha mambo yale yale. Utakaa Tandika unangoja, mwaka mmoja, miwili, na utaiita huruma ya mama. Na mie nitakupikia pilau.

Nikachukua mkoba, nikaitia ile betri iliyopinda kwenye mfuko wa nailoni, nikachukua na kigoda changu, nikaondoka.

Kigoda nilikichukua kwa sababu namjua fundi wa Dar es Salaam. Ukimwachia kitu chako, kesho kinakurudia na utumbo wa kitu kingine. Yule anayepiga video za maharusi hapa mtaani ndiye aliyenielekeza kwa Fundi Maulidi wa Chang'ombe, akasema betri za kamera zake zikifa zinafufuliwa pale. Nafika, anaitazama, anasema, "Mama, hii ilipigwa na radi?" Nikamwambia ilipigwa na mama mwenye nyumba. Akacheka. "Sawa, niachie, njoo kesho." Nikaweka kigoda, nikakaa.

"Mama, unanilinda kama mwizi?"

"Sikulindi baba, napumzisha miguu."

Nikapumzisha miguu mpaka adhuhuri. Alipoona siondoki akaipasua kwa kisu pale kwenye mshono. Zuhura, nilishtuka. Ndani yake zimo betri ndogo ndogo za duara, zimepangwa zimefungwa pamoja. Nikapiga kelele, "Kumbe ni mawe ya redio!" Kidogo nijione sikukosea. Fundi akasema, "Ni ndugu yao mama, lakini hawa jua hawalitaki. Hawa wanataka kuchajiwa tu." Akazipima moja moja. Nyingine zimekufa kabisa, nyingine zinapumua. Akaniuliza, "Tubadilishe zote, au zilizokufa tu? Hizi nzima bado zina maisha."

Unanijua mie. Mtu anayetunza makopo ya maziwa tangu enzi za foleni za sukari, unamuuliza atupe kitu kizima? Nikasema zilizokufa tu. Akalehemu, akagundisha, nikarudi kifua mbele. Hapo ulikuwepo. Tuliichaji mpaka ikajaa, ukachomoa waya, ukaanza kuandika, na hukumaliza jina la baba yako ikazima. Ukanitazama kwa huruma, ukasema, "Basi tena Mama, usijisumbue." Ile huruma yako ilinichoma kuliko kama ungenifokea.

Nikarudi na kigoda. Fundi Maulidi aliponiona tu akashika kiuno. "Mama, umekuja kupumzisha miguu?" Nikamweleza. Akaifungua, akapima, akatikisa kichwa. Zile za zamani zilikuwa zinazinyonya mpya. Ilibidi zitoke zote, hata zile zilizokuwa zinapumua, na ziingie mpya tupu za namna moja. Akakubali kwamba na yeye alinionea huruma, na kwamba ilimpasa anikatalie mapema. Tukangoja ziletwe kutoka Kariakoo. Nilikwenda pale mara nyingi mpaka nikawa nachemsha chai ya mafundi wote, na wateja wakawa wananiamkia wakidhani mie ndiye mwenye duka.

Hapo sasa ndipo inapoanza ile nusu usiyoijua. Siku betri mpya zilipoingia zote, nilikuwa nimeibeba kompyuta yenyewe kwenye kapu, nimeifunika kanga, wewe umekwenda kufuatilia picha za pasipoti size. Fundi akaiwasha. Ikawaka. Akasema, "Andika basi mama, tuone kama itahimili." Nikamwambia mie sijui kompyuta, anayejua ni binti yangu. Akasema, "Na huyo binti akiondoka?"

Nikavuta kigoda, nikaweka vidole. Zuhura, herufi ni zile zile! Zimekaa pale pale kama kwenye mashine yangu, ila ni laini, huhitaji kuzipiga ngumi. Nilikuwa nimekaa pembeni yako miezi yote ile nikisema mambo ya vijana hayo, na wala sikuwahi kugusa. Nikaandika jina lako. Nikaandika Tandika. Nikaandika barua nzima ya kuomba ruhusa ya ugonjwa, kama zile za mameneja, kwa kichwa tu. Mafundi wakaacha kazi wakaja kutazama vidole. Fundi Maulidi akasema, "Mama, kumbe ulikuwa unatuzuga." Nilicheka njia nzima, na wewe ulipoona inashika bila waya ukaacha habari ya kuahirisha.

Tangu siku ile kila ukitoka mie naifungua. Nimepoteza kurasa, nimezipata, nimezipoteza tena. Siku moja niligusa sijui nini, maandishi yote yakawa meusi, nikaifunika kwa kitambaa cha meza nikasubiri urudi, ukasema tu, "Hii nani kaigusa?" nikasema paka. Na ile katiba ya akina mama wa Mtoni, uliyodhani wameipeleka kwingine kwa hasira? Nimeichapa mie. Yote. Umeme ulikatika katikati, betri ikashika, nikaendelea kama sijaona. Walikuja kuichukua Jumanne wewe ukiwa kwa mshonaji. Mwenyekiti wao akaisoma, akasema, "Zuhura kazi yake safi." Nikamwacha aamini, lakini leo nakwambia.

Ngoja. Hapa kompyuta imelia, imezima yenyewe. Imewaka tangu kabla ya magharibi na sasa watu wametoka msikitini isha. Kazi zetu nyingi zinaisha kabla ya hapo. Imetosha, Fundi Maulidi Mungu ampe. Naendelea na kibatari.

Kwa hiyo nikielemewa, nitaelemewa kwa kazi nyingi, na nitamwambia mteja njoo kesho kama mafundi. Utasikia kwa shangazi yako kwamba Mama amekonda, Mama alilia. Atakwambia, maana kunyamaza hakuwezi. Na itakuwa kweli, nitalia. Nitalia kesho basi likiondoka, na nitalia nikipika chai ya watu wawili kwa kusahau. Wewe ndiye mwanangu wa pekee, ningelia kwa ajili ya nani mwingine? Lakini kulia kwangu si kuitwa kwako. Usije ukapanda basi kwa ajili ya machozi ya mtu mzima anayejua kuyafuta.

Na huko utakosea. Sijui utaanika nini batini, lakini utaanika. Utafanya jambo kwa akili zako zote, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunafanya hivyo na lilikubali, na huko litapinda na kutoa harufu. Ukikosea usijifiche. Niandikie, na zamu hii nicheke mie. Ila ukiona umetulia mahali, uko raha mustarehe, unaimba na kufagia, jiulize hapo hapo kama ni raha ya kweli au unaogopa kutoka. Mie hilo nilichelewa kulijua. Nimelijua lakini, na nimefurahi kwamba nimelijua wewe bado hujapanda basi.

Neno la mwisho, na hili ukilisoma utanuna. Begi lako nimelipanga upya. Nguo zote zimo, na sweta limo, limekaa juu ili ulione. Kabati ni tupu. Na kitanda chako nimempangisha yule binti wa Kilwa aliyepata kazi ya cherehani, anaingia kesho kutwa na shuka zake. Nimeshampa neno langu, sirudi nyuma. Likizo ukija kwa sababu umetukumbuka, utalala na mie kitandani kwangu upande wa ukutani, na hiyo miguu yako ya barafu unibandike mgongoni kama ulivyokuwa mdogo. Lakini ukirudi kwa kunionea huruma, mwanangu kipenzi, kitanda hakuna.

Mama yako